VIDEO KALI, MAMA HAYUMO!

Najua nimekuwa kimya, mtanisamehe. Testi tatu ndani ya wiki moja, boom halijatoka, na umeme wa bwenini mnaujua wenyewe tabia zake. Ila leo nimeshindwa kulala kwa hasira, na hasira zangu mimi dawa yake ni kuandika. Kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Kisa chenyewe kilianza juzi usiku. Tulikuwa watu sita chumbani, laptop moja, bando la kwangu (kama kawaida!!). Mmoja akaleta wazo kwamba kila mtu aweke video moja anayoipenda kuliko zote, halafu wengine tutoe maksi. Mchezo mzuri tu. Wa kwanza akaweka yake, magari matatu yamepangwa, bwawa la kuogelea, akina dada wanane. Maksi tisa! Wa pili naye, ndege ndogo, jumba la vioo, akina dada kumi na mbili. Kumi kwa kumi! Ilipofika zamu yangu nikaweka Wagosi wa Kaya, "Tanga Kunani". Hata dakika haijaisha, jamaa wa kitanda cha juu akasema, "Mgosi, zima hiyo, picha yenyewe imefifia kama kanga ya bibi." Chumba kizima kikacheka. Maksi mbili.

Sasa wajameni, mimi si mtu wa kununa kwa sababu ya mchezo. Nilichonuna ni ile sababu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wimbo unasema nini. Walihesabu magari basi. Kama video kali ni kuhesabu magari, si tukae pale getini chuoni tuangalie wakubwa wanavyoingia asubuhi? Bando la nini!

Mimi ni mtoto wa Ngamiani. Kwa msiojua, Ngamiani ni ule upande wa mjini Tanga ambao mitaa yake ina namba. Ukikutana na mtu, swali la pili baada ya salamu ni "uko barabara ya ngapi?" Nyumba zimepangana, baraza inatazama baraza, baiskeli zimeegemea ukuta, na jioni harufu ya vitumbua na mihogo ya kukaanga inakufuata mpaka mlangoni kwenu. Nimekulia humo. Na nawaambia ukweli, nimeona video nyingi sana za Bongo kwenye maisha yangu, lakini zile ambazo mtaa kama wetu umo, naweza kuzihesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

Ngoja niwape orodha yangu basi, mnicheke vizuri.

Moja, hao hao Wagosi wa Kaya. Vijana wawili wa Tanga, Mkoloni na Dr. John, walioamua kurap kwa lafudhi ya nyumbani, bila kujifanya wametoka Marekani. "Tanga Kunani" inauliza mji wetu umepatwa na nini, na "Wauguzi" inasema yanayompata mtu wa hali ya chini akifika hospitali. Kaka yangu alikuwa na VCD yao, imekwaruzika mpaka inarukaruka, na bado tulikuwa tunaiangalia. Ndiyo mara ya kwanza naona kwenye tivii watu wanaoongea kama wajomba zangu.

Mbili, "Starehe" ya Ferooz akiwa na Profesa Jay. Katikati ya miaka ya 2000 hiyo. Kijana aliyekula raha anasimulia akiwa mgonjwa wa ukimwi, na video ikamfuata mpaka kitandani. Kumbukeni kwamba mpango wa serikali wa kutoa dawa za kupunguza makali bure ndiyo kwanza ulianza mwaka 2004. Kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye mgonjwa anayefichwa chumba cha uani. Video ikamtoa yule mgonjwa uani ikamweka sebuleni, mbele ya baba, mama na wageni. Gari gani linaweza kufanya hivyo?

Tatu, natoka nje ya nchi kidogo. Nairobi, mwaka 2010, Just A Band wakatoa "Ha-He". Hakuna fedha za kutisha mle, kuna jamaa mmoja tu mwenye nywele kubwa anaitwa Makmende, anatembea mitaa ya Nairobi akipiga maadui kama sinema za zamani. Kenya nzima ikachizika, watu wakatunga vichekesho vya Makmende mpaka magazeti ya Marekani yakaandika. Makmende lilikuwa neno la watoto wa mitaani Nairobi tangu zamani, la kumwita anayejiona shujaa. Wao walichukua cha mtaani kwao wakakiheshimu.

Nne, na hii ndiyo nilitakiwa kuwawekea wale jamaa, "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo wa Uganda. Mwaka 2014. Watoto wa Kampala wanacheza kwenye vumbi jekundu, wengine pekupeku. Hiyo tu! Dunia nzima ikasimama kuwaangalia. Mwaka uliofuata, 2015, Kenzo akachukua tuzo ya BET kule Marekani, ile ya msanii mpya wa kimataifa inayopigiwa kura na watazamaji. Vumbi, wadau. Vumbi lilimpeleka BET!

Sasa najua mtaniambia nini. Mtaniambia habari ya Diamond. Na mimi sitaki kuwa muongo, hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2013 alipokwenda Afrika Kusini kupiga video ya "Number One", watu walisema anachezea pesa. Ukaja ule wimbo tena akiwa na Davido wa Nigeria, na mwaka 2014 tukamuona kwenye orodha ya wanaowania tuzo za MTV Afrika pale Durban. Stesheni kubwa zilikuwa zinataka picha safi, na picha safi kwetu wakati ule ilikuwa shida. Alivunja mlango, wengine wakapita. Hilo nakubali, mkono juu.

Ila hebu tuulizane. Diamond alikwenda kule na wimbo mkononi, na ile ngololo yake iliyochezwa na kila mtoto. Alichofuata kule ni kamera. Sisi tuliobaki tumeiga nini? Tumeiga safari, tukasahau wimbo. Na leo kamera si tatizo tena, simu ya mwanafunzi anayekula chipsi kavu inapiga picha ambayo mwaka 2004 hakuna studio Bongo iliyokuwa nayo. Ile sababu ya mwaka 2013 imekwisha, lakini ugonjwa umebaki.

Na huu ugonjwa unaua watu kweli. Nawapa mfano mmoja halafu mniambie.

Pale kwetu kuna kaka mmoja, jina namsitiri. Alikuwa anaendesha bodaboda, na anaimba vizuri kuliko nusu ya wale mnaowasikia redioni. Akatunga wimbo wa mama yake. Mama huyu amekaanga vitumbua kwenye kibaraza chao tangu huyu kaka yuko tumboni, na kwa vitumbua hivyo hivyo amesomesha watoto wanne. Wimbo ulikuwa mtamu, mimi nilioneshwa mashairi yake kwenye daftari, nikalia. Sina aibu kusema.

Akapata mtu wa kumpigia video. Yule bwana akamwambia kwamba bila gari na bwawa hakuna stesheni itakayopokea. Kaka yetu akauza pikipiki. Pikipiki ndiyo ofisi yake, wadau! Akakodi gari siku moja, akakodi bwawa la hoteli moja kwa saa mbili, akalipa mabinti watano wa kukaa pembeni ya maji na miwani. Akaazima na cheni.

Siku video ilipotoka tukajazana kibarazani kwao, simu ikaegemezwa kwenye ndoo ya unga. Mama mtu akafuta mikono kwenye kanga, akasogea kuangalia. Gari likapita. Bwawa likapita. Mabinti wakapita. Sauti ya mwanawe inaimba mama, mama, mama... na kwenye picha ni mabinti wa miwani. Wimbo ulipoisha mama akanyamaza kidogo, akauliza kwa upole kabisa, "Mbona mie simo, baba?"

Hakuna aliyejibu. Kaka yetu akajifanya anatafuta chaja.

Video haikupigwa na stesheni yoyote, maana zilikuwepo elfu moja za namna ile ile. Pikipiki haikurudi. Leo kaka anaendesha ya mtu na jioni anapeleka hesabu. Na kikaango cha mama kiko pale pale, hatua tatu kutoka mlangoni, moshi unapanda, jua la jioni linapiga ukutani mwekundu... picha ya bure kabisa, imekaa miaka yote inasubiri kamera.

Ndiyo maana nikawa mkali. Wale jamaa wa chumbani hawajui kwamba zile maksi zao kumi kwa kumi ndizo zilizouza ile pikipiki. Sisi watazamaji ndio tunaosahihisha mtihani. Tukitoa maksi kwa magari, wasanii watakodi magari. Kosa la yule mpiga video ni nusu, nusu nyingine ni yetu sisi tunaobonyeza.

Na kwa mtoto wa Tanga linauma zaidi, kwa sababu mji huu haukuanza muziki jana. Black Star na Lucky Star walikuwa pale, waliochukua taarabu wakaingiza magitaa ya umeme mpaka pwani nzima ikatikisika. Mwaka 1989 kampuni ya Uingereza, GlobeStyle, ikaona thamani yake ikatoa albamu ya "Nyota". Atomic Jazz ni wa kwetu. Jamhuri Jazz ni wa kwetu, na humo ndimo walimopita ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, kabla ya kuwatikisa Wakenya na Simba Wanyika. Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyetutoka mwaka 2016, sauti yake ilianza kutamba Tanga.

Lakini ule ujana wao hatuna wa kuuangalia. Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ila Bara tumesubiri mpaka mwaka 1994. Wazee wetu walitamba wakati hakuna kamera ya kuwafuata. Niliwahi kumuuliza bibi yangu, Shakila alikuwa anasimamaje jukwaani? Bibi hakunijibu kwa maneno. Alisimama, akatengeneza mtandio, akanionyesha kwa mabega. Basi hiyo ndiyo video niliyo nayo mimi, na siku bibi akiondoka inaondoka naye.

Wao wana udhuru, kamera haikuwepo. Sisi tuna kamera mfukoni kila mmoja na tunaigeuzia bwawa la kukodi. Mjukuu wangu akija kuniuliza Ngamiani ilikuwaje siku zetu, nimwonyeshe nini? Miwani ya mabinti?

Sisemi watu wasipige video nzuri. Wala sisemi umaskini ndio usanii, hapana, ukiwa na gari lako na wimbo wako ni wa gari, liweke, hata mimi nitaangalia. Ninachosema ni kidogo tu: kilicho kwenye wimbo kiwe kwenye picha. Umeimba mama, tuonyeshe mama. Umeimba njaa, usituonyeshe umeshiba.

Yule kaka likizo hii nitamfuata. Mimi nina simu, mwenzangu mmoja anasoma mambo ya habari ana kile kijiti cha kushikia kamera, na vitumbua vipo. Tutaipiga upya, kibarazani, mama akiwa katikati. Gharama yake ni nauli na unga kilo mbili. Wale jamaa wa chumbani nimewaalika waje watoe maksi, wawili wamekubali, wa kitanda cha juu bado anacheka.

Haya, hiyo ndiyo hoja yangu, nawasilisha. Na wewe, video yako kali ni ipi, na mama yako yumo? Nalala, kesho saa moja kasoro nina kipindi na mwalimu anafunga mlango...