Anzeni na Jiko, Makochi Yatangoja

Ndugu wakulima, mwezi huu sitaandika habari za viazi wala za maziwa, ingawa maziwa yataingia kidogo mbele. Nataka kusema nanyi habari za nyumba. Hasa nataka kusema na mtu na mkewe walio na fedha chache na haja nyingi. Kama mwenzako yuko shambani, mngoje arudi msome pamoja, maana maneno haya yakisomwa na mmoja peke yake yataleta ugomvi tu.

Mwaka 1962 mashamba makubwa ya Wazungu yalipoanza kukatwa katika ule mpango wa ekari milioni, familia kama 35,000 zilipata vipande vya ardhi, na pamoja na ardhi zilipata deni. Watu walijenga upesi upesi, kwa mbao za pembeni zenye magome, kwa udongo na kwa mabati machache, kwa sababu kazi ya kwanza ilikuwa kulima na kulipa. Nyumba ilikuwa ya kujisitiri mpaka mambo yatengenee. Leo wajukuu wanakaa palepale, na nyumba nyingi za namna ile zingali zimesimama, zimeongezwa chumba huku na chumba kule. Basi kila mwaka baada ya mavuno swali hurudi: tutengeneze nini kwanza?

Nawajua mtu na mkewe, upande wa Kinangop, ambao swali hilo liliwafanya wasisemezane karibu wiki mbili. Walikuwa wameuza viazi vizuri. Wageni walikuwa wanatarajiwa, watu wa kuja kuposa binti yao. Bwana alitaka sebule itiwe dari ya jipsamu na kununua makochi ya watu saba. Bibi alitaka jiko. Fedha za viazi hazikutosha makochi na dari, kwa hiyo Bwana akaanza kumtazama mtamba wao mmoja mwenye mimba ya miezi sita, na akawa ameshasema na mnunuzi.

Sitaki mdhani kwamba namcheka bwana huyo. Mtu ana haki ya kutaka wageni wake waone kwamba si mtu wa ovyo, tena siku ya kuposwa binti si siku ya kila mwaka. Lakini mnisikilize hesabu. Tuseme mtamba yule akizaa atatoa lita 10 kwa siku, kwa siku 300. Hizo ni lita 3,000. Tuseme tena lita moja ni shilingi 45. Jumla ni shilingi 135,000, na hata ukitoa nusu nzima kwa chakula na dawa, zinabaki 67,500 kwa uzao mmoja, na ndama juu yake. Makochi hayazai. Baada ya miaka minne kitambaa kimepasuka na watoto wamechimba sifongo.

Kwa maoni yangu, ng'ombe, mbegu na karo ni vitu visivyoguswa kwa ajili ya nyumba. Fedha za nyumba ni zile zinazobaki baada ya hivyo vitatu, hata zikiwa kidogo namna gani.

Sasa nije kwenye jiko, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ninyi wa nchi za baridi, Kinangop, Ol Kalou, Kipipiri na kwingineko, mnajua jinsi tunavyopika. Mlango umefungwa, dirisha ni dogo kama kitabu, na moto uko katikati ya mawe matatu. Mama ameinama juu ya sufuria, na mtoto mdogo yuko karibu naye kwa sababu ya baridi. Bwana huingia, hula, hutoka. Hajui. Angekaa mle saa tatu kila siku angekuwa amelitengeneza jiko lile zamani sana. Moshi wa kuni si jambo la macho kuwasha tu. Madaktari wamekwisha kuthibitisha kwamba huleta nimonia kwa watoto wadogo, na huharibu vifua vya akina mama polepole, mpaka mwanamke wa miaka 50 anapanda kilima akipumua kama mzee wa 80. Mtoto akilazwa hospitali kwa kifua, gharama ya gari, ya dawa na ya siku zilizopotea shambani yaweza kuwa kubwa kuliko gharama ya kutengeneza jiko lenyewe.

Wala kutengeneza jiko si kazi ya matajiri. Liko jiko la kuni liitwalo Maendeleo, lililoanza kuenezwa vijijini katika miaka ya 1980. Ni chombo cha duara cha udongo uliochomwa, ambacho hupachikwa na kuzungushiwa udongo na mawe. Hula kuni chache kuliko mawe matatu, na moshi hupungua. Lakini moshi uliobaki lazima upate njia. Kama mnaweza, wekeni bomba la bati litokee juu ya paa na kupita kilele cha paa, na pale linapopita karibu na mbao acheni nafasi, maana nyumba za mbao hushika moto haraka. Kama hamwezi bomba mwaka huu, ondoeni ubao mmoja juu ya ukuta kila upande, chini ya paa, na kupanua dirisha. Kazi hiyo ni ya nusu siku na msumeno wa kuazima. Tena kaushieni kuni. Kuni zilizopasuliwa na kuwekwa chini ya paa miezi kadhaa hazitoi moshi kama zile zilizokatwa jana. Hilo halina bei.

Mwenye ng'ombe wawili watatu waliofungiwa bandani anaweza kufikiri habari ya gesi ya kinyesi. Lakini gharama ya kuanza ni kubwa, na siwezi kumshauri mtu mwenye paa linalovuja aanze na hiyo.

Paa ndilo la pili. Ingieni nyumbani mchana jua likiwa kali, fungeni mlango na madirisha, mtazame juu. Kila nyota mnayoiona ni tundu. Mara nyingi si bati bovu, ni fundi aliyepiga msumari katika bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya kuupiga juu ya mgongo. Ziba tundu kwa lami, kisha piga msumari mpya wenye raba mgongoni. Kama ni lazima kununua mabati, jueni kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Bati la geji 32 ni jepesi kuliko la 30, na la 28 ni nene kuliko yote mawili. Muuzaji atawaonyesha rangi nzuri. Ninyi mwulizeni geji.

Na paa lisilo na mfereji ni hasara mara mbili. Maji yanayodondoka hula chini ya ukuta, na maji yale yale mnayafuata mtoni kwa punda. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 9 ni mita 54 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya mchana mmoja tu, inamwaga lita 1,080 juu yake. Hata zikipotea kidogo kwa kumwagika, mapipa manne ya lita 200 yatajaa. Anzeni na upande mmoja wa paa na mapipa, tangi litakuja.

Sakafu ya udongo yenye vumbi ndiyo makao ya funza, kila mama anajua. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitataka saruji mifuko kama 6 au 7, kama mnaweka zege ya inchi tatu juu ya mawe yaliyoshindiliwa, na lipu ya inchi moja juu yake. Mkimaliza, mwagieni maji na kufunika kwa magunia muda wa siku saba. Sakafu inayokauka haraka hupasuka, na watu husema saruji ilikuwa ya uwongo. Kama mwaka huu hamwezi saruji, kandikeni sakafu kwa samadi na majivu na kunyunyiza maji kabla ya kufagia.

Kuta zitangoja. Rangi ikipakwa juu ya ukuta wenye maji hubambuka kabla ya Krismasi, kwa hiyo kazi ya rangi huanza pale mfereji na paa vimekwisha. Kwa kuta za udongo, lipu ya udongo yenye mchanga wa kutosha, na juu yake chokaa. Chokaa hulowekwa usiku mmoja, hutiwa chumvi kidogo ili ishike, na hupakwa mara mbili. Angalieni macho yenu na ya watoto, maana chokaa huunguza. Chumba kilichopakwa chokaa huwa na mwanga kuliko chenye rangi ya bei kubwa, na gharama ni kidogo sana.

Sasa, habari ya kupanga. Nimewashauri watu wengi kufanya hivi, na mara nyingi imefaa. Kila mmoja achukue karatasi yake, aandike mambo matatu anayoyataka, asimwonyeshe mwenziwe. Kisha ziwekwe mezani pamoja. Jambo lililo katika karatasi zote mbili ndilo la kwanza. Mtashangaa jinsi mara nyingi jambo moja limeandikwa mara mbili, na kila mmoja alidhani mwenziwe halijali. Halafu ulizeni bei katika maduka matatu, na juu ya jumla ongezeni sehemu moja ya tano kwa ajili ya yale msiyoyaona. Fundi akisema kazi ni ya siku mbili, andikeni nne. (Mafundi wanisamehe, baba yangu alikuwa mmoja wao.) Mpatane kwa kazi nzima wala si kwa siku, na mlipe kwa mafungu, fungu la mwisho baada ya mvua ya kwanza.

Fedha za maziwa huja kila mwezi, za viazi huja kwa pamoja. Mabati na misumari hukaa bila kuharibika, basi vinunueni wakati wa mavuno. Saruji hushika unyevu na kugeuka jiwe, basi inunueni wiki ile ya kazi, na muiweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mkopo wa simu msiuguse kwa ajili ya nyumba. Tuseme ada yake ni asilimia 7 na nusu kwa mwezi. Ukiuzungusha mwaka mzima umelipa asilimia 90, na bado unadaiwa zile ulizokopa. Na yule anayefikiri kuweka rehani hati ya shamba ili ajenge veranda, nampa habari mbili. Kwanza, kama deni la shamba kwa Serikali halijaisha, hana hati ya kuweka. Pili, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mume au mke kuweka rehani wala kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenziwe. Wako waume wanaoiona sheria hiyo kuwa ya kuwanyang'anya ukubwa. Mimi naona imewaokoa wengi wao wasilale nje.

Narudi kwa watu wangu wa Kinangop. Waliandika karatasi zao. Yeye bwana aliandika dari, makochi na paa. Bibi aliandika jiko, paa na meza. Basi wakaanza na paa, wakakuta matundu kumi na manne na kununua mabati mawili tu. Fedha zilizobaki zikaingia jikoni: jiko la Maendeleo, bomba, na dirisha la kufunguka. Sebule ikapakwa chokaa na wana wao wawili kwa siku moja. Viti viliazimwa kanisani.

Wageni walikuja, wakala, na jambo walilosifu kwa sauti ni chai, na kwamba mama mwenye nyumba alikaa nao muda wote badala ya kufuta machozi jikoni. Mtamba amezaa jike. Karatasi ya mwaka huu nimeionyeshwa: mfereji, mapipa, sakafu ya chumba cha watoto. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa bwana, makochi, na pembeni yake mwandiko wa bibi: ya watu watano.