Uwanja ni wako, maji yanakwenda kwa jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu, swali linalonijia sana mvua zikianza hapa Bariadi ni hili: "Sheikh, kiwanja nimenunua kwa pesa yangu, kwa nini niombe ruhusa kujenga ukuta au kumwaga kifusi?"

Sikiliza. Kiwanja hukukinunua kama unavyonunua ng'ombe mnadani. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa miaka, 33, 66 au 99, na hati hiyo ina masharti. Uliyakubali. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Waislamu husimama kwenye masharti yao, ila lile linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kuomba kibali halmashauri kunahalalisha haramu gani? Mmoja wenu aliyeko Marekani ameniuliza kuhusu vyama vya wenye nyumba vya huko, ambavyo hata mti wa mbele ya nyumba yako vinataka viukubali kwanza. Jibu ni lile lile. Uliyajua ulipohamia, yatimize; ukiyaona mazito, nenda kwenye kikao chao ukayapinge.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Unaujua udongo wetu wa mbuga, ule mweusi. Ukishalowa unanata, maji hayazami. Ukiinua uwanja wako kwa tripu kumi za kifusi, maji uliyoyafukuza hayapotei, yanaingia chumbani kwa mjane wa pembeni. Wewe umelala pakavu, yeye saa nane za usiku anabeba godoro na watoto. Halafu unaamka kuswali tahajjud!

Abu Daud amepokea kisa cha Samura bin Jundub. Alikuwa na mtende ndani ya shamba la mtu wa Ansari, na kila akiuendea anamkera mwenye shamba na familia yake. Mtume (s.a.w.) akamtaka auuze, akakataa. Abadilishane na mwingine, akakataa. Autoe kwa ahadi ya malipo, akakataa. Mwisho Mtume akamwambia yeye ni mwenye kudhuru watu, na Muansari akaamriwa aung'oe. Wapo wanachuoni waliozungumzia sanad yake, lakini msingi wa kutodhuru hawakuutupa. Na mti ulikuwa wa Samura kweli, hakuuiba!

Hata njia ina haki. Katika Bukhari na Muslim, watu wakigombania upana wa njia, Mtume (s.a.w.) alihukumu dhiraa saba. Wewe unapanda minyaa ya uzio, kila mwaka inasogea, mpaka jeneza linapitishwa ubavu. Kwenye barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga humo ukachorwa X, usiseme umeonewa.

Na nyinyi mnaokaa ofisini, mkimzungusha mtu miezi ili atoe "ya chai", mnamfundisha kujenga usiku. Dhambi ya ukuta ule mna fungu lenu.

Kabla ya kumwita fundi, mwite jirani. Simameni wote kwenye bikoni, mwonyeshe maji yatapita wapi, kisha nenda kwa mtendaji wa mtaa na halmashauri. Usije na karatasi yenye mhuri ukadhani imefuta haki ya jirani, maana aliyegonga mhuri hakuiona mvua ya kwenu.

Kama ukuta umeshasimama na jirani analia, chimba mtaro kwa gharama yako wiki hii. Usimsubirishe Baraza la Kata. Tangu 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, na mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi la Wilaya, nauli na miaka. Mvua haitasubiri hukumu.

Wallahu a'alam.