Ndege Wapimwe Wangali Hai

Januari 2, 2017, Wizara ya Kilimo ya Uganda ilipata taarifa kwamba ndege wa porini wanakufa kwa wingi Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria iliyo kati ya Kampala na Entebbe. Wengi walikuwa membe wa mabawa meupe, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya ya mashariki na Siberia na kumiminika ziwani humo kwa mamia ya maelfu. Mara bata na kuku wa kufugwa nao wakaanza kufa Masaka. Januari 15 serikali ilitangaza kuwa ni homa ya mafua ya ndege, na vipimo vya maabara vikaonyesha virusi vya aina ya H5N8. Miezi michache baadaye aina hiyo hiyo iliripotiwa Ituri, upande wa Kongo.

Wengi walishangaa, ingawa dalili zilikuwapo. Katikati ya mwaka 2016, wanasayansi wa Urusi waliokuwa wakipima ndege wa porini katika ziwa Uvs-Nuur, huko Tuva mpakani mwa Mongolia, walivikuta virusi vya H5N8. Septemba ya mwaka huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kwamba ndege wahamao wangeweza kuvieneza mbali. Kabla Novemba haijaisha, Hungary, Poland na Ujerumani zilikuwa zikihesabu mizoga. Habari iliwatangulia ndege. Lakini tahadhari iliyoandikwa Roma haimsaidii mfugaji wa Masaka kama hakuna anayekwenda ziwani kuwapima wageni hao wanapotua.

Kanda ya maziwa makuu imezoea kusubiri mizoga. Hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu bata maji wengi hubeba virusi vya mafua matumboni bila kuugua hata kidogo, wakavitoa kwa kinyesi na kuviacha majini. Ndege anapoanguka, virusi vimekwisha tembea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamewahi kuwapima ndege wa maji wa Uganda waliokuwa wazima na kukuta virusi vya mafua, kwa hiyo utaalamu si tatizo. Tatizo ni kwamba kazi ya namna hii hutegemea mradi, na mradi una tarehe ya kufungwa.

Marekani kuna mfano mzuri wa kazi isiyofungwa. Tangu mwaka 1985, kila mwezi Mei, watafiti hufika ufukwe wa Delaware Bay, ambako maelfu ya ndege wa pwani hutua kula mayai yanayotagwa mchangani na viumbe wa baharini wanaofanana na kaa. Hawamkamati kila ndege. Huinama, wakaokota kinyesi kibichi kwa vijiti vya pamba, wakakitia katika vichupa vyenye maji maalumu na kukihifadhi kwenye baridi kali hadi maabara. Mavuno yake ni kumbukumbu ya miongo kadhaa inayoonyesha ni aina gani za virusi huja, zipi hutoweka na zipi hurudi. Aina mpya ikiingia, inaonekana kwa sababu za zamani zinajulikana.

Afrika Mashariki haihitaji kuanza na mtambo wa mabilioni. Kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu na wanaojitolea hupanda mitumbwi na kubeba darubini kwenda kuhesabu ndege wa maji Naivasha, Nakuru na kwingineko. Vichupa vingewekwa katika mitumbwi hiyo hiyo. Ingefaa pia kuongeza duru moja mwezi Novemba, wageni wakiwa wapya, na kuifikisha barafu hadi sehemu kama Ziwa Rukwa na bonde la Kilombero, ambako sampuli ikichelewa kwenye joto huharibika. Gharama yake kubwa ni mafuta ya boti na friji.

Ndege wakishatoa ishara, lazima pia awepo wa kuisikiliza. Mfano ni virusi vingine, vya West Nile: mwaka 1937 viligunduliwa katika damu ya mwanamke mmoja wa kaskazini mwa Uganda. Miaka 62 baadaye, kunguru walianza kuanguka mitaani New York, kisha ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wakafa. Daktari wa wanyama wa bustani hiyo, Tracey McNamara, alisisitiza kuwa vifo vya ndege na ugonjwa wa ubongo uliokuwa ukiwashambulia wazee mjini ni kitu kimoja. Wakuu wa afya walikuwa wamekwisha kuuita ugonjwa mwingine. Alikuwa sahihi yeye: ilikuwa West Nile, na watu saba walifariki mwaka huo.

Huku kwetu sikio huzibwa na hofu ya soko. Uganda ilipotangaza kwa uwazi mwaka 2017, Kenya na Rwanda zilifunga mipaka kwa kuku wake mara moja. Oktoba mwaka huo Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga, hofu ya mafua ya ndege ikitajwa, ingawa Kenya haikuwa imetangaza mlipuko wowote. Serikali inayoona jirani akiadhibiwa kwa kusema kweli itajifunza kunyamaza. Mfugaji naye hunyamaza: kuku wakifa husema ni kideri, akawauza waliobaki kabla hawajaanguka. Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kukubaliana kuwa marufuku ihusu wilaya yenye ugonjwa, isiwe nchi nzima, na kwamba anayeripoti alipwe fidia ya kuku watakaochinjwa.

Wapo pia wanaodai ndege wa porini wauawe au wafukuzwe. Hilo ni kosa. Virusi vikali vya ukoo wa H5 vinavyosumbua dunia leo chanzo chake ni bata bukini wa kufugwa wa Guangdong, China, mwaka 1996. Ndege wa porini waliambukizwa na mifugo ya binadamu. Kuwafyatulia risasi huwatawanya tu, wakapeleka ugonjwa kwenye maji mengine.

Wakati serikali zikijipanga, mvuvi na mkazi wa kando ya ziwa ana kazi yake. Akikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja asiwashike kwa mikono mitupu, asiwapeleke jikoni wala asiwatupie mbwa. Ampigie simu afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, amweleze ni wangapi na wako wapi.