Enter Mbili Mbili: Pengo Kati ya Aya Ni Kazi ya Programu, Si Yako

Leo nimekuja na ugomvi. Si wa bei ya bando wala wa simu feki. Ni ugomvi wa lile pengo jeupe linalokaa kati ya aya moja na ya pili unapoandika kwa kompyuta. Najua kuna aliyeshacheka. Cheka tu, lakini subiri tufike kwenye hesabu.

Fungua barua yoyote ya kuomba kazi iliyo kwenye flashi yako, iwe ulichapa mwenyewe au ulichapiwa saiba hapa Ukunda. Bofya ile alama ya ¶ inayoonyesha vitu vilivyofichika. Utaziona ¶ zimejipanga kama siafu. Enter mbili hapa, tatu pale, na tano mwishoni ili nafasi ya sahihi ishuke chini.

Wataalamu wakiona hivyo husema, "Hawa hawajui kompyuta." Mimi nakataa. Aliyeandika hana kosa. Mwenye kosa ni aliyetengeneza programu.

Tuanze na asili yake. Taipureta haikujua aya ni nini. Ukitaka pengo, ulisukuma mkono wa mashine mara mbili, karatasi ikapanda, ukaendelea. Kompyuta ilipokuja ilijua aya inaanzia wapi na kuishia wapi, lakini kitufe cha Enter kikaachiwa kazi mbili: kumaliza aya, na kutengeneza pengo. Kitufe kimoja, kazi mbili. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Mpaka Word 2003, aya ya kawaida haikuwa na pengo lolote. Ilipofika Word 2007, Microsoft wakaamua kila aya ije na pengo la pointi 10 chini yake. Word 2013 ikapunguza hadi 8. (Pointi 72 ni inchi moja.) Wazo lenyewe zuri: pengo lije lenyewe. Ila Enter ya pili iliachwa kama zamani, inazaa aya tupu, na aya tupu nayo inabeba pointi zake 8. Kwa hiyo ukipiga Enter mbili unapata 8 za aya yako, mstari mtupu, halafu 8 nyingine. Umeomba kiti ukaletewa sofa.

Sasa hesabu niliyoahidi. Chukua shairi la tarbia, mishororo minne kwa kila ubeti, beti 8. Hiyo ni mishororo 32. Mshairi anapiga Enter mwisho wa kila mshororo, na Enter moja zaidi kutenganisha beti, yaani mistari mitupu 7. Jumla aya 39. Kwa mipangilio ya Word 2013, herufi za Calibri ukubwa wa 11, mstari mmoja unachukua takriban pointi 14 na nusu. Aya 39 ni kama pointi 565. Karatasi ya A4 yenye ukingo wa inchi moja juu na chini ina karibu pointi 698. Shairi linaenea ukurasa mmoja, na nafasi ya jina lako inabaki.

Lakini ongeza zile pointi 8 mara 39. Ni pointi 312. Jumla inakuwa 877. Shairi limemwagika ukurasa wa pili! Kama unalipa shilingi 10 kwa ukurasa, umelipa 20 kwa sababu ya hewa.

Na hasara kubwa si hiyo kumi. Programu ina ulinzi wa kuzuia mstari mmoja wa aya usiachwe peke yake ukurasa mwingine. Ulinzi huo unalinda aya. Mshororo uliochapwa kama aya ya mstari mmoja haulindwi na chochote. Ndiyo maana unakuta ubeti umekatwa, mishororo mitatu huku, kiitikio kimetupwa ukurasa wa pili kama mtoto aliyesahaulika stendi. Programu haijui kama pale pana ubeti. Inaona aya nne zisizojuana.

Wazee wetu walilijua hili bila kompyuta. Katika miswada mingi ya tendi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti wenye vipande vinne uliwekwa katika mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa alama. Ubeti ulikuwa kitu kimoja machoni.

Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zikasema Kiswahili. Kazi ya maana sana, na nawavulia kofia. Lakini menyu kusema Kiswahili ni jambo moja, programu kuelewa ubeti ni jambo jingine.

Haya, tuje kwenye jambo la pili. Kichwa cha habari kinataka pointi 12 chini yake. Aya inayofuata inataka 8 juu yake. Pengo liwe 20 au 12?

Kuna wanaosema 20, maana kujumlisha kunaeleweka na kila mtu. Mimi nasema 12. Pengo si mali ya aya ya juu wala ya chini, ni mpaka wao. Majirani wawili wa shamba kule Msambweni, mmoja akitaka njia ya hatua 8 na mwingine ya hatua 12, wataacha njia ya hatua 12 na wote wataridhika. Hakuna atakayetaka waache hatua 20.

Wala si wazo langu. CSS ya kurasa za wavuti iliamua hivyo tangu 1996: kati ya aya mbili, pengo kubwa linameza dogo. LaTeX ya Leslie Lamport ina amri ya \addvspace inayofanya vivyo hivyo. Word yenyewe huchukua lililo kubwa, ila nyaraka za zamani zinaweza kubeba kisanduku kinachoilazimisha kujumlisha. LibreOffice Writer nayo ina kisanduku chake cha tiki. Matokeo? Faili moja, kompyuta mbili, kurasa hazilingani.

Hilo nalo si mzaha. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015 inataka kurasa za zabuni ziwe na nambari mfululizo. Fikiria fundi anayeomba kazi ya kaunti. Amepanga yaliyomo nyumbani kwa programu moja, anachapisha saiba kwa nyingine, na kila kitu kimesogea ukurasa mmoja. Nani atamsikiliza akisema ni pengo?

Mtaniambia watu wajifunze Styles. Sawa, wajifunze. Lakini kitu kinachotumiwa na karani, mwalimu na mshairi hakipaswi kuhitaji semina ili kuacha nafasi.

Kwa hiyo madai yangu kwa watengenezaji ni manne:

1. Pengo kubwa limeze dogo, kila mahali, bila visanduku vya siri.
2. Enter ya pili isizae aya tupu. Iongeze pengo tu.
3. Pengo likiangukia juu ya ukurasa mpya, life hapo hapo.
4. Pawe na aina ya aya inayoitwa ubeti, ambamo Enter moja ni mshororo mpya na Enter mbili ni ubeti mpya.

Mpaka watakaposikia, jisaidie mwenyewe. Ndani ya ubeti bonyeza Shift pamoja na Enter kila mwisho wa mshororo, na Enter pekee ubeti unapokwisha. Kisha fungua dirisha la Paragraph, uweke tiki kwenye Keep lines together. Ubeti hautakatwa tena.

Na wewe ndugu yangu unayejifunza kuandika programu, ukitengeneza yako, usije ukamwambia bibi wa watu kwamba hajui kupiga Enter. Anajua sana. Anakuomba pengo.