Nani Ashike Kipanya? Maoni Juu ya Somo la Kompyuta Vyuoni

Kila tunapokaa kuzungumzia somo la kompyuta katika vyuo vya ualimu, mazungumzo huanza na upungufu wa mashine na huishia hapo hapo. Upungufu upo, wala hatuukanushi. Lakini yafaa tujiulize swali jingine lisilopendeza: je, hizo mashine chache tulizo nazo zimemfundisha nani? Kwa maoni yetu, zimewafaidia zaidi wale waliokuja chuoni wakiwa wanazijua tayari.

Ndugu mwanachuo bila shaka anaukumbuka mwendo wa kipindi chenyewe. Mkufunzi huingia, huandika ubaoni kwamba kompyuta ni mashine ya kielektroniki ipokeayo taarifa, ikazichakata, ikazihifadhi na kutoa matokeo. Kisha huchora visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mishale. Wanachuo hunakili. Wiki ifuatayo huorodheshwa aina za kompyuta, na baada ya hapo faida na hasara zake. Mtihani wa mwisho wa muhula huuliza maana, aina, faida na hasara, na karibu wote hufaulu. Halafu mwanachuo huyo huyo aliyefaulu huambiwa apige chapa andalio la somo la ukurasa mmoja, naye hukaa mbele ya kiwambo akiitafuta herufi ya kwanza.

Sisi wenyewe tumefundisha hivyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hatumnyoshei mtu kidole. Tulifundisha kama tulivyofundishwa. Wakufunzi wetu nao walikuwa na udhuru wao: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara, na wengi wa rika lao waliiona kompyuta katika picha ya kitabu kabla ya kuigusa. Mtu wa namna hiyo angeifundishaje ila kwa maneno? Sisi hatuna tena udhuru huo.

Tuvitazame Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi. Huko mtu hujifunza useremala, uashi, ushonaji na kilimo, na baadhi ya vyuo hivyo siku hizi hufundisha kompyuta pia. Hatujapata kusikia kwamba mwanafunzi wa ushonaji hukalishwa muhula mzima akikariri maana ya cherehani. Huketi, huweka uzi, uzi hukatika, huweka tena. Majina ya sehemu za cherehani huyapata kazini, kwa kuwa anayahitaji ili aombe msaada. Kwa nini mwalimu mtarajiwa, ambaye naye ni fundi wa kazi yake, afundishwe kompyuta kana kwamba ni somo la kukariri?

Hapa tunafikia jambo linalotusumbua zaidi. Tuseme mkufunzi amekubali kuwapeleka wanachuo kwenye chumba cha kompyuta. Katika darasa letu moja walikuwamo wanachuo 48, na mashine zilizowaka zilikuwa 9. Tukawagawa watano watano, mahali pengine sita, tukatoa zoezi na kuzunguka. Kazi zilikamilika zote, tena vizuri, nasi tukaridhika. Ilitupasa kurudia zoezi hilo mara tatu ndipo tukaona kwamba katika kila kikundi mkono ulioshika kipanya ulikuwa ule ule. Alikuwa ni kijana aliyewahi kusaidia kazi katika steshenari ya mjomba wake, au binti aliyesoma shule yenye maabara ya kompyuta. Wenzake walisimama nyuma, wakitazama na kuitikia kwa kichwa. Waliokaa mbali kabisa na meza ni wale waliotoka vijijini, na hao ndio aghalabu hupenda kurudi kufundisha huko.

Tangu siku hiyo tuliweka sharti moja: anayejua haruhusiwi kugusa. Huweka mikono nyuma na kuelekeza kwa mdomo tu, na anayeshika hubadilishwa kila baada ya dakika kumi. Mwanzoni palikuwa na manung'uniko, hasa kutoka kwa wanaojua. Mmoja alituambia kwamba kueleza ni kazi kubwa kuliko kutenda. Tukamwuliza amekuja chuo gani. Naye alisema kweli: mtu anayefungua faili kwa kasi ya umeme hushindwa kumweleza mwenzake alichofanya, kwa sababu hajapata kulazimika kukifikiri. Sharti hilo linawafundisha wawili kwa wakati mmoja, mmoja kompyuta na mwingine ualimu. Wanaosubiri zamu hupewa kicharazio kilichochorwa juu ya kipande cha boksi, wazoeze vidole. Tumewaonyesha vijinundu viwili vidogo juu ya vibonye vya F na J, ambavyo vimewekwa ili vidole vya shahada vijue mahali pao bila macho kutazama chini. Wengine walikuwa wametumia kompyuta miaka mitatu bila kuviona.

Tutaje pia kisa cha umeme. Siku moja ulikatika wanachuo wakiwa wamepiga chapa kwa dakika arobaini. Uliporudi, waliokuwa wameihifadhi kazi yao waliikuta, na wengine hawakukuta kitu. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeeleza ubaoni tofauti ya kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme ukizimika, na diski inayobaki na kilichoandikwa, na hakuna aliyejali. Siku ile walituuliza wenyewe. Tuliwaeleza kwa robo saa, na mwaka mzima hatukuhitaji kurudia. Yatupasa kuongeza kwamba wengi walikuwa hawajui maana ya neno la Kiingereza lililo kwenye kibonye cha kuhifadhi. Mwaka 2004 mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo si kweli kwamba mashine hizi hazisemeki kwa lugha yetu. Tunasikitika tu kwamba sisi wakufunzi hatukuyashika maneno hayo tukayatumia darasani.

Wapo watakaosema: shule nyingi wanakokwenda vijana hawa hazina kompyuta, na nyingine hazina hata umeme, jasho lote hili la nini? Hoja hii ina uzito. Tunaijibu kwa kadi tano za boksi. Kwenye kadi ya kwanza chora nukta 1, kisha 2, 4, 8 na 16. Wasimamishe watoto watano mbele ya darasa, mwenye nukta 1 akiwa kuliani kwa wanaotazama na mwenye 16 kushotoni. Kila mmoja ama aionyeshe kadi yake ama aigeuze mgongo. Liambie darasa litafute 13. Watoto watabishana, kisha 8, 4 na 1 zitaonyeshwa, na 16 na 2 zitageuzwa. Kwa kadi hizo tano hupatikana kila namba kutoka 0 hadi 31, na kila moja kwa njia moja tu. Sasa zipe herufi za Kiswahili namba, a iwe 1, b iwe 2, ch iwe 3, na kuendelea hadi z, ambayo ni 24. Herufi m ni 13. Watoto wa mstari wa mbele wanaweza kuwaandikia wa nyuma neno "mama" kwa kuonyesha na kugeuza kadi tu, bila kutamka sauti. Hivyo ndivyo kompyuta inavyotunza kila andiko, kwa hali mbili tu, kuwaka na kuzima, ingawa yenyewe hutumia nafasi nane au zaidi kwa herufi moja. Mazoezi ya namna hii yalienezwa na walimu wa kompyuta huko New Zealand tangu miaka ya 1990. Mwalimu aliyeyafanya hayo chini ya mwembe amefundisha kiini cha kompyuta, pamoja na kujumlisha. Lakini hawezi kuyafanya ikiwa chuoni alipewa visanduku vitatu na mishale.

Limebaki suala la mtihani, maana wanachuo husoma kinachotahiniwa, na hatuwalaumu. Tunapendekeza kwamba kila mwanachuo aketi peke yake mbele ya mashine kwa dakika 15: aiwashe, afungue andalio la somo lililohifadhiwa, asahihishe aya moja, alihifadhi kwa jina jipya na kuizima mashine ipasavyo. Wenzetu wamekwisha kutujibu kwamba muda wa kumpima mmoja mmoja hautoshi. Tumepiga hesabu. Wanachuo 48 kwa mashine 9 ni zamu sita. Zamu sita za dakika 15 ni dakika 90, yaani alasiri moja, na chai tutakunywa kwa wakati wake.