Hukumu ya Nyimbo Zilizotengwa

Hukumu ya haki huanza kwa kusikiliza. Hakimu aliyechoka hasikilizi. Hutazama jina la mshtakiwa, na jina likiwa halimpendezi, shauri limekwisha kabla halijaanza. Hali hii ndiyo iliyozipata baadhi ya nyimbo za marehemu Remmy Ongala, na ajabu ni kuwa mahakimu wenyewe si adui zake. Ni wapenzi wake wakubwa: watu wanaozijua nyimbo zake kwa moyo, waliosoma na wanaoandika, ambao neno lao likitamkwa katika ukumbi wa chuo huwa mfano wa sheria.

Shauri lenyewe ni la albamu iitwayo Mambo, iliyotolewa mwaka 1992 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Remmy alizaliwa Kindu, nchini Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga pamoja na Orchestra Makassy, na baadaye akawa sauti na kiongozi wa Super Matimila. Mwaka 1988 bendi hiyo ilikwenda Ulaya katika ziara ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoa kwa Real World albamu ya Songs for the Poor Man, ambayo juu yake jina ni la Kiingereza lakini ndani yake kilichosikika ni Kiswahili. Albamu hiyo wapenzi waliikumbatia. Mambo, kwa upande wake, ilikuja na nyimbo za Kiswahili kama Kidogo Kidogo na Mrema, bega kwa bega na nyimbo za Kiingereza kama One World na No Money, No Life. Hizo za Kiingereza ndizo zilizokunjiwa uso. Mpenzi hodari wa dansi anapoulizwa juu ya albamu hii, aghalabu husifu nusu yake na kuiombea msamaha nusu ya pili, kana kwamba mwimbaji alikuwa hayumo nyumbani siku zilipoimbwa.

Makosa yanayotajwa ni matatu. La kwanza ni lugha: yasemwa kuwa Remmy ni mwimbaji wa Kiswahili, na alipokiacha Kiswahili alijiacha mwenyewe. La pili ni nia: nyimbo hizi zilitengenezwa zimpendeze mgeni, gitaa zikasuguliwa na kung'arishwa mpaka jasho la ukumbi wa dansi likafutika. La tatu ni wepesi: maneno ni machache na fikra ni za kila mtu, ilhali Remmy aliyeimba habari za kifo, umaskini na unyonge alikuwa mhubiri wa kina kirefu. Kila shtaka lastahili kujibiwa peke yake, maana yakichanganywa pamoja hutoa kelele, wala hayatoi hoja.

Lugha na itangulie. Wasemao kwamba lugha isiyo ya kuzaliwa huua wimbo na waulizwe: Kiswahili cha Remmy kilitoka wapi? Hakikutoka Unguja wala Lamu. Kilikuwa Kiswahili cha Maniema, ambako lugha hii ilifika katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji. Katika albamu hiyo hiyo ya Mambo umo wimbo ulioandikwa Inchi Yetu, wala haukuandikwa Nchi Yetu. Mwalimu wa sarufi angeweza kuushika wino mwekundu, na kama usafi wa lugha ndio sharti la sanaa, ingempasa aushike. Hakuna mpenzi wa dansi anayefanya hivyo. Lafudhi ya Kikongo huhesabiwa kuwa ladha ya Remmy na chumvi yake. Basi ni mizani gani hii, ambayo huona ugeni katika Kiingereza cha mtu ikaufanya ila, na kuuona katika Kiswahili chake ikaufanya pambo?

Swali hili huwa zito zaidi likipelekwa mbali na pwani. Chukua Nyabibuye, kata ya nyanda za juu za Kigoma, iliyokuwa katika wilaya ya Kibondo na ambayo imo katika wilaya ya Kakonko tangu wilaya hiyo ilipoundwa mwaka 2012. Huko lugha ya nyumbani ni Kiha, ndugu wa karibu wa Kirundi kinachosemwa ng'ambo ya mpaka. Kiswahili kilipanda milima ya Buha kwa njia nyingi: kwa biashara ya Ujiji, kwa manamba waliokwenda kukata mkonge wa Tanga wakati wa ukoloni na kurudi na maneno mapya, kwa shule, na kwa redio. Kwa wazee wengi wa nyanda hizo, wimbo wa Kiswahili ulikuwa kwanza wimbo wa lugha ya kwingine. Maneno mengine yalieleweka na mengine yalikisiwa. Sauti ilikamilisha kile ambacho kamusi haikuwa imefikisha. Wakapenda, wakacheza, wakakariri. Kama wimbo wa lugha isiyo ya mama ni wimbo nusu, basi nusu ya taifa hili imekuwa ikisikiliza nusu ya nyimbo tangu redio ya kwanza ilipofunguliwa nyumbani mwake. Hakuna msomi atakayethubutu kusema hivyo, walakini ndivyo kanuni yake inavyosema pale anapoitumia juu ya One World.

Na mambo yakageuka kwa upande wa pili mwaka 2012, wakati kundi la wasanii wenye asili ya Kigoma lilipotoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite. Watanzania wasiojua hata neno moja la Kiha walilitamka jina hilo na kulifurahia. Hapo hakuna aliyelalamika kwamba lugha ngeni imeharibu starehe. Yadhihirika, basi, kuwa chuki haikuwa juu ya ugeni wa lugha. Ilikuwa juu ya Kiingereza peke yake, na juu ya yule aliyedhaniwa kuwa anaimbiwa kwa Kiingereza hicho.

Hapa ndipo shtaka la pili linapojitokeza, la kumpendeza mgeni. Wenye shtaka hili husahau kwamba muziki wa dansi haukupata kuwa na umbo ambalo halikutolewa na mahitaji ya mtu fulani. Santuri ndogo ilikuwa na pande mbili za dakika chache, na wimbo mrefu ulikatwa katikati, mashairi upande mmoja na chemko upande wa pili. Radio Tanzania ilikuwa na studio yake, kanda zake na wakaguzi wa maneno, na bendi zilipanga nyimbo zikijua hayo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo yajulikana kwa jina la Msondo, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na herufi za DDC zikakaa mbele ya jina lake. Mwenye ala alikuwa na neno lake. Rumba yenyewe ilivuka bahari kutoka Kuba, na gitaa la umeme halikuchongwa Kilosa. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, walipiga mbele ya wageni watupu, na taifa likaona fahari. Iweje basi mgeni wa Osaka awe heshima na mgeni wa Uingereza awe aibu?

Yafaa pia kukumbuka nyumba yenyewe ambamo Remmy alikaribishwa. Aliyeshiriki kuianzisha WOMAD, na kisha Real World, ni Peter Gabriel, mwimbaji aliyepata jina katika Genesis, bendi ya ile roki ya Uingereza iliyoitwa progresivu, ambayo nyimbo zake zilirefuka kama tenzi na kupinda kama njia za milimani. Wimbo wao Supper's Ready wa mwaka 1972 wapita dakika 22. Gabriel aliiacha bendi mwaka 1975. Baadaye Genesis wakaanza kutoa nyimbo fupi za kupendwa na wengi, na Gabriel naye akafanya kama hayo katika albamu yake So ya mwaka 1986. Mwaka huo huo wimbo wake Sledgehammer uliutoa wimbo wa Genesis, Invisible Touch, katika nafasi ya kwanza huko Marekani. Wapenzi wa zamani walinuna pande zote mbili, na wengine hawajanunuka hata leo: wanahesabu nyimbo zipi katika albamu hizo ni halali na zipi ni za soko. Ugomvi wa wapenzi wa Remmy si wa Kiafrika wala si wa Kizungu. Ni ugomvi wa kila mahali ambapo msikilizaji wa kwanza hudhani kuwa amemnunua mwimbaji, na ya kuwa msikilizaji wa pili ni mwizi.

Limebaki shtaka la tatu, la wepesi, na hili si la kupuuzwa. Ni kweli kuwa katika Kiingereza Remmy hana ghala kubwa. Katika Kiswahili huuliza, hujibu, hukemea, hutania, hugeuza neno mpaka lionyeshe upande wake wa nyuma. Katika Kiingereza hushika neno moja na kulirudia. Atakayesema kuwa One World haifikii nyimbo zake juu ya kifo hajasema uongo. Lakini kusema kuwa wimbo ni mdogo si sawa na kusema kuwa si halali. Mtumbwi si jahazi, na bado huvusha watu. Wimbo wa Mrema umebeba jina la Augustine Mrema, ambaye wakati ule alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwanafunzi wa leo huhitaji kuelezwa siasa za miaka ya mwanzo ya 1990 kabla hajaung'amua. One World hauhitaji mfasiri wa nyakati. Kila mmoja una alichopata na alichopoteza, na mwenye haki huvitaja vyote viwili. Asiye na haki hutaja kimoja, kisha hukiita uchambuzi.

Yamkini msomaji atauliza: ya nini hasira yote hii kwa ajili ya nyimbo mbili tatu? Jibu limo katika maisha ya Remmy mwenyewe. Mwaka 1990 aliimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu watumie kinga dhidi ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa maradhi hayo nchini walikuwa wametambuliwa mwaka 1983 huko Kagera, mkoa unaopakana na Kakonko. Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo. Watu wachache, katika chumba kimoja mjini, waliona kuwa haufai. Na ni nani aliyeumia? Mkazi wa Dar es Salaam aliweza kununua tikiti, akaingia ukumbini, akausikia wimbo kutoka kinywani mwa mwenyewe. Lakini kutoka Nyabibuye hadi kumbi hizo ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa msikilizaji wa huko redio ilikuwa ndiyo ukumbi, na mlango wa redio ulipofungwa, wimbo ulifungiwa pamoja na onyo lililokuwa ndani yake.

Hiyo ndiyo hatari ya hukumu za wenye ladha. Aliye karibu na sanaa huweza kuipata hata ikiwa imekatazwa. Aliye mbali hupata kile tu ambacho wa karibu wamekubali kimfikie. Leo mlango haumo mikononi mwa mkaguzi wa redio peke yake. Umo pia mikononi mwa wale wanaochagua kanda zipi za zamani zinakiliwe kwa mitambo mipya kabla hazijaoza, nyimbo zipi zitiwe katika mitaala, na tasnifu zipi zistahili kuandikwa. Wakisema kuwa nusu ya albamu si Remmy wa kweli, nusu hiyo itaachwa, na mtoto wa Kibondo au Kasulu atarithi mwimbaji aliyekatwa. Tena huyo mtoto huenda ndiye angekuwa hakimu bora. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili chao kimekaa jirani na Kiha, Kirundi na Kiswahili cha shule. Aliyekulia katika mkusanyiko huo hashangazwi na mtu anayeimba Inchi Yetu kisha akageukia Kiingereza. Humwona kuwa ni mtu anayesema na kila aliyemkuta njiani, kwa kadiri ya maneno aliyonayo.

Remmy Ongala alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Hawezi tena kuzitetea nyimbo zake, wala haihitajiki. Inahitajika kazi ndogo, ambayo kwa msomi imekuwa ngumu kuliko kuandika kitabu: aiweke Mambo tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka, asikilize kila wimbo ulichokusudia kutenda, aupime kwa kusudi hilo, kisha atoe hukumu yake. Akiona kuwa wimbo ni dhaifu, na aseme ni dhaifu, na aonyeshe udhaifu ulipo. Lakini asiufukuze nyumbani kwa sababu ulikwenda kumwamkia jirani. Nyumba inayowafukuza watoto wake kwa kusalimia wapitao njia haitabaki na watoto, na mwenye nyumba atakuja kuketi peke yake barazani, akijisifia usafi wa ua usiokanyagwa na mtu.