Katikati ya Mji Kuna Wenyewe

Saa moja jioni mji wa Embu hufungwa kama duka. Milango ya chuma inashushwa kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine, makanga wanaita abiria wa mwisho wa Runyenjes, Siakago na Kiritiri, na muuza muguka anafunga mafungu yaliyosalia ndani ya nailoni. Ikifika saa tatu barabara kuu imeachiwa mabawabu wanaoota moto. Meru hali ni hiyo hiyo. Soko la Gakoromone likishatawanyika, watu hupanda matatu za Nkubu na Timau, na wenye usiku mrefu huelekea Makutano, kwenye taa na muziki.

Miji hii inayolala mapema imeanza kutazamwa kwa jicho jipya na wauzaji wa nyumba. Hesabu yao inaeleweka: juu ya maduka kuna nafasi, mjini kuna kazi, na vijana wamechoka kulipa nauli asubuhi na jioni. Kinachokosekana, wanasema, ni jina. Nani atahamia mahali panapoitwa "stendi" au "sokoni"? Meru tayari kuna jumba la maduka liitwalo Greenwood City, na pembezoni mwa miji yote miwili ploti zinauzwa kwa majina ya Gardens, Heights na Park. Mtindo huo ukiingia katikati ya mji, nao utaingia, tutaombwa tukubali kwamba mitaa tuliyoizoea imezaliwa upya kwa kupakwa rangi na kubandikwa bango.

Niseme mapema kwamba nataka watu waishi katikati ya mji. Nataka hivyo kwa sababu ya shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 80,191 katika mji wa Meru na 64,979 katika mji wa Embu, katika kaunti ambazo moja ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja na nusu na nyingine zaidi ya laki sita. Wengi wa hao wengine wanajenga wapi? Wanajenga kwenye udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, udongo wa kahawa na majani chai. Wameru na Waembu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa, miaka ya 1930, baada ya zao hilo kufanywa mali ya walowezi. Leo mibuni ile ile inang'olewa ili shamba likatwe vipande vya futi 50 kwa 100. Kila familia itakayopata nyumba nzuri juu ya duka la mjini ni kipande kimoja kilichonusurika. Kwa hiyo fleti zijengwe, tena ndefu.

Ninapoachana na wauzaji ni kwenye jina. Kupapa mahali jina jipya la makazi ni kudai kwamba hapo awali hapakuwa na mkazi. Dai hilo si kweli, wala halikuwa kweli siku yoyote.

Embu ikawa kituo cha serikali baada ya Waingereza kuivamia kwa silaha mwaka 1906. Meru ilianzishwa na ofisa wa kikoloni Edward Horne, yule ambaye wenyeji walimwita Kangangi, mwaka 1908. Miji hii haikupangwa iwe pa Mwafrika kuishi. Palikuwa na boma, jela, maduka ya Wahindi na nyumba za maofisa. Mwafrika alikuja kutumwa, kulipa kodi au kushtakiwa, jioni akarudi kwao. Lakini kulikuwa na watu ambao "kwao" kulikuwa mbali mno au hakupo tena: wapagazi, askari, wapishi, wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani. Karibu na kila boma walitengewa pembe yao. Meru pembe hiyo inaitwa Mjini. Embu kuna Majengo, kama ilivyo Nairobi, Nyeri na kwingineko.

Tulia kidogo kwenye jina hilo la Mjini. Mtu wa Kaaga alikwenda mjini, mtu wa Nkubu alikwenda mjini, ila mtu wa Mjini alikuwa ameshafika. Alilala pale, akaoa pale, akazikwa karibu na pale. Alizungumza Kiswahili mlimani wakati Kiswahili mlimani kilikuwa lugha ya wageni. Mtaa wa kuishi katikati ya mji, huu tunaotangaziwa kuwa ni wazo jipya, wajukuu wake bado wamo ndani, na wengi wao bado wanasubiri karatasi ya kuonyesha kwamba ardhi wanayolalia ni yao.

Jina zuri peke yake tumeshalijaribu. Embu kuna mtaa unaoitwa Dallas, kama ule mji wa Texas wa matajiri wa mafuta. Nilipita huko msimu wa mvua. Mfereji wa maji machafu ulikuwa umekata njia, ubao mmoja umelazwa juu yake, na mtoto wa shule alikuwa amevua viatu akavishika mkononi ndipo akavuka, mkono mwingine ameunyoosha kama bawa. Mbele kidogo mitungi ya manjano ilikuwa imepangwa foleni, wenyewe wameenda kufanya shughuli nyingine kwa kuwa bomba lilikuwa bado kavu. Jina la Dallas limekaa pale miaka mingi. Mfereji nao umekaa.

Wapo watakaonijibu kwamba majina mengine yanaumiza, na hapo nawasikiliza. Shauri Yako, kwa mfano, si jina la mtaa la kumpa mtu abebe. Kijana anayeomba kazi anaandika mtaa wa jirani kwenye barua yake kwa sababu anajua atakavyotazamwa, na mwenye nyumba katika mtaa wenye jina baya hukopeshwa kwa shingo upande. Wakazi wa mahali kama hapo wakikaa chini wakasema tumechoka, tunataka kuitwa vingine, hiyo ni haki yao na wasaidiwe. Uamuzi huo lakini uwe wao. Madalali wa New York walianza kuiita sehemu ya kusini ya Harlem "SoHa" ili nyumba ziuzike kwa bei ya juu. Mwaka 2017 wakazi walikataa hadharani, na walijua vizuri walichokuwa wanakataa: jina likishaondoka, kodi hupanda, na mwenye mtaa hufuata jina lake.

Huku kwetu kuna ushahidi kwamba jina la zamani halizuii kitu. Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa hivyo kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Hakuna dalali ambaye angebuni jina la kusikitisha namna hiyo. Leo magorofa yamesongamana Kariakoo, na kiwanja pale hakishikiki. Zanzibar nako, Ng'ambo lilikuwa neno la kuwaweka watu upande wa pili wa maji, mbali na fahari ya Mji Mkongwe. Serikali ilipoamua kuifanya Ng'ambo kuwa kitovu cha mji, mpango wenyewe uliitwa Ng'ambo Tuitakayo, na wapangaji wa miji wakaweka kwenye ramani mambo ambayo wakazi wanayathamini. Neno lililokuwa la dharau likabaki, likabeba mipango.

Meru na Embu zinaweza kufanya hivyo, na sheria ipo. Mwenye jengo la biashara anayetaka kuweka nyumba za kuishi anahitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kwa kaunti, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Hapo ndipo kaunti ina nguvu ya kuuliza maji yatatoka wapi, maji taka yataelekea wapi, watoto watacheza wapi, na fleti ngapi zitakodishwa kwa bei ambayo mwalimu wa msingi au mama wa Gakoromone ataimudu. Sheria ya miji ya 2011 nayo inawapa wakazi mabaraza yao. Jina la mtaa lipelekwe huko, lisubiri zamu yake nyuma ya bomba na hati.

Alfajiri, kabla matatu za Nkubu hazijateremsha abiria wa kwanza, Mjini kumeshaamka. Adhana imekwisha. Mama mmoja ametoa jiko nje, mafuta yameanza kuchemka, na mahamri ya kwanza yanazama na kuibuka yamefura. Wanaokuja kununua anawaita kwa majina, kwa sababu wote wamelala hapo.